Sahani Mbili za Rondon

Bendera nyekundu ilikuwa bado juu ya ofisi ya bandari, na maadamu ilikuwa pale hakuna boti ambayo ingetoka Bluefields kwenda popote. Mto wa kuelekea Rama ulikuwa umefurika na kubeba magogo mazima. Nje ya ghuba, upande wa El Bluff, mawimbi yalipasuka kama nyumba zinazobomolewa. Simu hazikupita. Umeme ulikatika mvua ilipoanza, mashine ya baridi ya chumba cha maiti ikazimika, na kwa hiyo Rennick Downs, fundi wa injini za boti, alizikwa kabla Inspekta Verdell Omier hajamwona hata uso.

Alichobakiwa nacho ni maneno ya watu. Daktari alisema ufa wa kisogoni ulitangulia maji. Wavuvi walisema walimkuta amenasa kwenye nguzo chini ya gati la Old Bank. Zaidi ya hayo kulikuwa na jozi ya mabuti ya mpira, ya njano, yenye herufi R.D. zilizochomwa kwa chuma cha moto, mabuti ambayo hayakukutwa miguuni mwa marehemu bali miguuni mwa mlemavu mmoja aitwaye Tiodoro, Mmiskito, mmoja wa wenyeji wa asili wa pwani hii.

Verdell alizaliwa katika mji huu, mtaa wa Cotton Tree, na mama yake alimhamishia Managua, mji mkuu, angali anang'oka meno ya utoto. Wakubwa wake walimchagua kwa sababu alijua lugha ya Wakrioli, watu weusi wa pwani hii. Kazi yenyewe walimweleza kuwa nyepesi: amhoji Mmiskito, amchukue, arudi naye.

"Mimi ukiniuliza, Afande," alisema Sajenti Chavarría, akikamua kofia yake mlangoni mwa kituo, "bendera ikishuka tu, tumtie kwenye boti ya kwanza. Hapa hakai salama. Watu wanapita pale dirishani wanamtemea mate. Leo wametupa jiwe."

"Nani katupa?"

"Mvua yote hii, kila mtu kajigubika nailoni. Nitamjuaje?"

Verdell alivaa koti lake la mvua akatoka kwenda gatini. Hakuwa na pa kwenda pengine. Barabara ya mtaa wa kati ilikuwa kijito, maduka yalikuwa nusu mlango, na kila aliyemkuta barazani alimuuliza swali lile lile: unaondoka naye lini?

Gatini watu walikuwa wamebanana chini ya paa la mabati, wanaitazama bendera. Mbele ya wote, juu ya sanduku la nguo lililofungwa nailoni, alikaa Cleve Hodgson. Alikuwa shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, mpishi katika meli za watalii, aliyerudi nyumbani likizo baada ya miezi mingi baharini. Mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba besi.

"Inspekta!" aliita. "Wewe si una bastola? Ipige risasi hiyo bendera, tuondoke."

Watu walicheka.

"Una haraka, Bwana Cleve. Udongo wa shemeji yako haujakauka."

"Kwa mvua hii utakauka lini, dada? Meli haimsubiri mtu. Ikiondoka Miami bila mimi, jiko langu anapewa mwingine."

"Hebu nieleze tena ile jioni. Uliponisimulia nilikuwa nimetoka kutapika kwenye boti. Sikusikia vizuri."

Cleve alipumua kwa nguvu, lakini alikuwa mtu anayependa kusikilizwa, na gati zima lilikuwa limeshatega sikio.

"Nilipika rondon mwenyewe, uani kwa mama, mtaa wa Beholden. Nyama ya kasa, mbichi, ya siku ile ile. Na kamba wa kwenye ghuba, wale wakubwa. Nikatia shelisheli, mihogo, ndizi mbichi, tui zito mpaka kijiko kinasimama. Mama alikuwa kanisani. Nikamwita shemeji. Akala sahani mbili, dada! Ya pili akaifuta kwa mkate wa nazi. Akaniambia, 'Cleve, hao watalii wako wanafaidi.' Akaaga, akashika njia ya gatini. Na yule Mmiskito alikuwa anazunguka pale tangu mchana."

"Kweli tulimwona," alidakia mama mmoja muuza pati za nyama. "Anachechemea huku na huku kama kuku mgonjwa."

"Najifariji kwa jambo moja tu," Cleve alisema, na sauti yake ilishuka. "Chakula chake cha mwisho kilikuwa kizuri."

Wanawake wawili walijifuta macho. Verdell mwenyewe, ambaye tangu jana alikuwa akila mkate mkavu, alijikuta anameza mate. Ulikuwa ushahidi mzuri. Ulikuwa na harufu na ladha.

Aliporudi kituoni alikuta mke wa sajenti ameleta chakula cha mahabusu, wali wa nazi na maharage, na pembeni vipande vya nyama ya kasa. Verdell aliichukua sahani akaingia nayo mwenyewe.

Chumba cha mahabusu kilikuwa kimoja tu, nyuma ya kituo, kimetenganishwa na ukumbi kwa nondo. Tiodoro alikaa kwenye benchi, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Mguu huo ulikufa siku alipopanda haraka mno kutoka chini ya bahari, alikokuwa akizamia kamba koche. Tangu hapo alitembea kwa fimbo.

Alikula wali. Alikula maharage. Kisha akaisukuma sahani. Nyama yote ilikuwa imebaki, imesogezwa pembeni kwa uangalifu, hata mchuzi wake haukugusa punje ya wali.

"Imeharibika?" Verdell aliuliza.

"Hapana, Afande. Mshukuru mama."

"Mmiskito haachi nyama ya kasa. Mama yangu alikuwa akisema mnazaliwa nayo mdomoni."

Tiodoro alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndivyo. Lakini mimi niliacha. Nilibatizwa. Sisi hatuli tena vitu vya baharini visivyo na mapezi na magamba. Kasa, kamba, kaa. Hata kamba koche walionilemaza mguu, siwali."

"Msabato?"

"Ndiyo."

"Ulibatizwa wapi?"

Aliinamisha kichwa. Mvua iligonga bati. Verdell alikaa kwenye sakafu upande wa pili wa nondo, akangoja.

"Pearl Lagoon," Tiodoro alisema mwishowe. "Ndani ya ziwa."

"Peke yako?"

"Kulikuwa na mama mmoja mzee wa kule kule."

"Na nani mwingine?"

"Niliahidi kutosema."

"Uliyemwahidi amekufa, Tiodoro?"

Aliitikia kwa kichwa. "Mke wake ni mwalimu wa kwaya ya Moraviani. Alitaka amwambie mwenyewe, taratibu. Tulipotoka majini alivua mabuti yake mapya akanipa. Akasema maji yametufanya ndugu, na ndugu hawezi kutembea na viatu vilivyotoboka."

"Mbona hukusema haya siku ya kwanza?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza mabuti nimeyatoa wapi. Nikasema nimepewa. Wakacheka."

Verdell aliitazama ile nyama kwenye sahani. Alikuwa na mambo mawili ya kuuliza, na alianza na dogo.

"Jioni ile ulikuwa unafanya nini gatini?"

"Namngoja yeye. Tulipatana twende pamoja kwa mama yangu. Alisema ana neno la kumwambia, na lazima na mimi niwepo. Lakini kwanza alitaka kuonana na mtu mmoja."

"Nani?"

"Hakusema. Alisema tu, 'Si haki nimtaje kabla sijamwambia.' Nilingoja mpaka giza likaingia, sikumwona, nikaenda zangu."

"Na hilo neno kwa mama?"

"Nadhani lilihusu kaka yangu, Sabino. Alikuwa mzamiaji kwenye Lady Ionie, na Rennick alikuwa fundi wa boti hiyo. Mimi nilikuwa mtoto. Walituambia hewa ilimwishia chini, hakupanda tena. Walimletea mama gunia la mchele."

Nyumba ya mjane ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na siku hiyo maji yalikuwa yamefika ngazi ya pili. Bi Idalee Downs alikuwa jikoni, akihamisha masufuria kutoka tundu moja la paa hadi jingine.

"Ingia, Verdell mwanangu. Vua viatu. Umekonda, Managua hawakupi chakula?"

"Nimekuja kuuliza habari za chakula, Bi Idalee. Siku za mwisho, Rennick alikuwa anakula nini?"

"Swali gani hilo la kumuuliza mjane?"

"Nisamehe. Lina maana."

Bi Idalee aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Alinitesa! Nikipika supu ya kaa, anasukuma sahani. Kasa, anasukuma. Kamba, tumbo linamuuma. Mtu aliyekuwa anakula mpaka analamba gamba! Nikajua tayari, kapata mwanamke. Nikamwambia, 'Huyo bibi yako anakupikia nini, majani?' Anacheka tu. Anakula samaki na mihogo, anacheka."

"Yalianza lini, hayo?"

"Aliporudi kutoka Pearl Lagoon, alikokwenda kutengeneza injini ya mtu. Nikasema huko huko ndiko aliko huyo mwanamke."

"Hakukuwa na mwanamke. Alibatizwa, Bi Idalee. Kwa Wasabato."

Tone la maji lilidondoka ndani ya sufuria, na jingine.

"Rennick?" alisema. "Rennick aliyekuwa anakoroma kwenye mahubiri mpaka namfinya?" Alianza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, na kicheko kikageuka kilio bila kubadilisha sauti. "Na mimi nimekufa na wivu bure. Nimemzika nikiwa na kinyongo."

Verdell alimwacha alie. Aliona hasa wakati mawazo ya yule mama yalipogota, maana kilio kilikatika kama uzi.

"Lakini Cleve anasema alikula rondon."

"Ndiyo."

"Ya kasa na kamba."

"Sahani mbili."

"Cleve hakujua," Bi Idalee alisema polepole, kana kwamba anajisomea. "Alikuwa baharini. Amekuja juzi tu. Yeye anamjua Rennick wa zamani."

"Bi Idalee, ile boti ya Lady Ionie. Nahodha wake alikuwa nani?"

Yule mama alinyooka. "Toka nyumbani kwangu."

"Bi Idalee..."

"Huyo ni mdogo wangu. Nimemlea kwa mikono hii. Mume nimeshamzika, unataka na ndugu? Toka!"

Verdell alichukua viatu vyake. Alikuwa ameshashika mlango aliposikia sauti nyuma yake, ndogo, isiyofanana na ya mwalimu wa kwaya.

"Alikuwa anaota. Miaka yote ya ndoa yetu. Anapiga kelele, 'Geuza, Cleve. Geuza boti.' Nikimwamsha anasema hakumbuki."

Kabla Verdell hajajibu, kelele zilitoka barabarani. Watu walikuwa wanakimbia na mizigo vichwani, wanapigana vikumbo kwenye maji. Bendera imeshuka! Bendera imeshuka!

Verdell alikimbia viatu mkononi. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu na wingu limeinuka kidogo juu ya ghuba. Boti moja tu ilikuwa imewashwa, imejaa hadi ukingoni, na Cleve alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, jaketi la kuokolea kifuani, sanduku magotini.

"Shuka, Bwana Cleve."

"Nini tena, dada?"

"Shuka. Tunarudi kituoni."

Gati lilinguruma. "Managua wamekufundisha kukamata watu wako?" mtu alipaza sauti. "Muuaji unaye ndani, unataka nini tena?" Muuza pati alisukuma watu akaja mbele. "Mwache kijana wa watu, meli itamwacha!" Sajenti Chavarría, aliyefika akihema, alijipenyeza kati ya Verdell na umati, lakini alikuwa mmoja na wao walikuwa mji.

"Nina swali moja," Verdell alisema kwa sauti ya kutosha watu wote. "Akinijibu tena kama alivyonijibu asubuhi mbele yenu, basi. Rennick alikula nini kwako?"

Cleve alicheka, akawageukia abiria kutafuta wa kucheka naye. "Rondon! Ya kasa na kamba. Sahani mbili. Niandike ukutani?"

"Muongo."

Haikuwa sauti ya Verdell. Bi Idalee alikuwa amesimama mwisho wa gati, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimeloa na kumwangukia usoni. Watu walimpisha.

"Mume wangu hakugusa kasa tangu aliporudi kutoka Pearl Lagoon. Hakugusa kamba. Kwa mkono wangu nilimpikia na akakataa. Wewe ulikuwa kwenye meli yako, Cleve, hukujua. Sasa niambie, mdogo wangu. Aliyekula hizo sahani mbili ni nani?"

Mwenye boti alinyoosha mkono akazima injini.

Cleve aliyatazama maji yaliyo mbele yake, yakiwa wazi hadi El Bluff, halafu akatazama abiria waliokaa kila upande wake. Upepo uligeuka. Wingu jeusi lilikuwa linarudi ghubani, linavuta mvua chini yake kama pazia, na juu ya ofisi ya bandari kile kitambaa chekundu kilianza kupanda tena. Abiria walianza kushuka mmoja mmoja wakilaani. Cleve alishuka wa mwisho, na sajenti alimshika mkono.

Kituoni kulikuwa na chumba kimoja, kwa hiyo ilibidi mmoja atoke ndipo mwingine aingie. Tiodoro alitoka. Wawili hao walipishana mlangoni bila kutazamana.

"Sasa utanipeleka mahakamani na sufuria?" Cleve alisema akiwa ameshakaa kwenye benchi. Ucheshi ulikuwa umemwisha, akili bado. "Labda nilichanganya siku. Labda alikula mihogo, mimi nikala kasa. Mtu amefiwa, anasema chochote. Bado una mabuti ya marehemu miguuni mwa mtu mwingine."

Verdell alijua anasema kweli. Supu haimfungi mtu.

"Rennick alikuja kwako jioni ile," alisema. "Hakuja kula. Alikuja kukuambia kwamba anakwenda kwa mama yake Sabino, na atasema yaliyotokea kwenye Lady Ionie. Alikuambia wewe kwanza, kwa sababu aliona ndiyo haki."

"Muulize marehemu."

"Tiodoro," Verdell alisema bila kugeuka, "uko huru. Sajenti atakusindikiza."

Lakini Tiodoro hakwenda. Nje mvua ilikuwa imefunga kila kitu, hata nyumba ya jirani haikuonekana. Alikuja kwa fimbo yake hadi kwenye nondo, akazishika upande ambao sasa ulikuwa wa nje.

"Sabino alipanda juu?" aliuliza.

Cleve aligeuza uso ukutani.

"Mimi nimezamia, nahodha. Najua hewa ikiisha inakuwaje. Mama anaamini alilala huko chini kama mtu aliyepatwa na usingizi. Ameishi kwa hilo. Rennick asingekuja kwetu na uso ule kumwambia kitu ambacho anakijua tayari." Sauti yake haikupanda. "Sikuombi kitu kingine. Nataka kujua tu kama alipanda."

Cleve alitazama dirisha. Halikuwa na cha kuonyesha isipokuwa maji. Alitazama mlango, ambapo sajenti alikuwa amesimama, halafu akatazama mikono yake mwenyewe, na ilionekana kana kwamba hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

"Bahari ilikuwa inachafuka," alisema. "Kama hivi. Wengine wote walikuwa ndani, wanalia turudi. Tulikuwa tumeshaondoka."

"Alipanda?"

"Alipanda. Mbali. Alikuwa na mfuko umejaa kamba koche. Akauinua juu ili tuuone. Alikuwa anacheka. Alidhani tunamfuata."

"Mlimwona."

"Tulimwona. Rennick alipiga kelele nigeuze. Usukani ulikuwa mkononi mwangu." Alijifuta uso kwa mkono wote. "Na juzi amekuja uani kwa mama, ananiambia atasema mbele za watu, kwamba na mimi niseme, kwamba nitalala usingizi. Nikamfuata mpaka gatini namsihi. Pale kwenye ngazi akanishika bega, akaniita ndugu. Nilimsukuma tu. Nilitaka aniondolee mkono."

Sajenti alivua kofia. Verdell alivuta kiti, akatoa karatasi na kalamu, akaandika jina la Cleve na jina la mji.

Tiodoro aliteremka polepole kando ya zile nondo mpaka akakaa sakafuni, mguu mbovu ameunyoosha mbele yake.

"Anza tena mwanzo," alimwambia. "Sema taratibu. Mama atataka kujua yote."